Boya

Wenzetu Sekei walikwenda juu, ghorofa kwa ghorofa.
Sisi kiwanja kilikuwa kidogo, na Anaeli mbishi:
akachimba.
Tukapata vyumba viwili chini ya udongo,
baridi ya mtungi Januari nzima,
na dirisha moja la kimo cha nyasi,
ambalo ulimwengu wake ni miguu ya kuku
na kandambili za wapita njia.

Kisha ikaja masika.

Maji hayakupita mlangoni. Mlangoni niliweka
viroba vya mchanga, matambara, na sala.
Yalipanda sakafuni, kimya,
kama mgeni anayejua ufunguo unafichwa wapi.
Saa nane usiku nikashusha mguu kitandani
nikakanyaga Mlima Meru.

Gunia la mahindi likanywa hadi kiunoni.
Vyeti vya watoto vikavimba.
Anaeli akasimama gizani, akasema, "Ehe."
Tukachota kwa sufuria ya wali hadi kukakucha.

Nikashuka mjini na viatu vinavyolia
hadi dukani kwa Aikande, nyuma ya Kilombero.
Nilitaka ile nyekundu, ya bei nafuu, inayong'aa.
Hakuigusa. Akaniuliza kama nesi:
Yanaingia ndoo ngapi kwa saa?
Yana mchanga?
Kutoka sakafuni hadi yanakomwagwa, yapande mita ngapi?
Sikujua.
"Rudi ukapime. Pampu hainunuliwi kwa macho."

Nikakaa sakafuni na ndoo na saa ya ukutani
kama anayemhesabia mgonjwa pumzi.
Ndoo kumi na nne.
Mita tatu na shibiri.
Mchanga upo, mweusi, mzito, laini kama kahawa ya unga.

Basi akanipa ya kuzama, ya chuma, yenye sura mbaya,
isiyochagua chakula,
na ubavuni mwake boya dogo, limefungwa kwa waya:
maji yakipanda linapanda, linawasha;
yakishuka linalala.
"Usichukue isiyo na boya," akasema.
"Utasahau kuizima, ivute hewa, iungue,
na hapo boya atakuwa wewe."
Wateja wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Akaongeza vali, maana maji
hupenda kurudi yalikofukuzwa.
Akaongeza betri, maana mvua na umeme wa hapa
hawajawahi kukaa chumba kimoja:
huyu akiingia, yule anatoka.

Fundi Lembris alimwaga kikombe cha maji sakafuni,
akayafuata kwa macho. Kona ikajitaja yenyewe.
Hapo akachimba, akazamisha pipa lililotobolewa,
kokoto kulizunguka, mfuniko mzito juu, kwa ajili ya mjukuu.

Ijumaa ikanyesha tena.
Sikulala. Chini ya mfuniko boya likainuka,
chuma kikakohoa, bomba likashtuka,
maji yakapanda mita tatu na shibiri, yakaenda zao.
Sakafu kavu.
Nikalia, sijui kwa nini.

Asubuhi, hodi. Ndetaulwa wa bondeni,
godoro kichwani, linachuruzika mabegani.
Hakugomba.
"Jirani," akasema, "yako yamefika."

Nikatazama juu: ua wa Mama Nderingo,
wote umesakafiwa saruji tangu mwaka jana,
hauna hata tundu la mchwa la kunywea.
Nikatazama chini: godoro.
Na mimi katikati, mdomo wa bomba.

Kumbe hata kichwani mna shimo,
na ndani yake kitu kidogo
huchelewa kupanda.

Sasa kila Jumamosi tunachimba mtaro,
nyumba saba, kuelekea korongoni.
Mama Nderingo katoa mfuko mmoja wa saruji,
baada ya kuombwa mara nne.
Anaeli yuko mbele na sururu; kuchimba ndiko anakojua.
Meru imejifunika tangu alfajiri.
Tumebakiza hatua thelathini.